Sharti la Ndiva

Tope la ndiva lilinuka majani yaliyooza na vyura, na liling'ang'ania miguuni hadi siku ya pili hata ukijisugua kwa jiwe. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo Wapare wa zamani walijenga juu ya mashamba. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu kuingia mifereji. Yetu ilikuwa juu kidogo ya kijiji cha Vudee. Kila msimu kabla ya kupanda maharage, watu walikutana ukingoni, masharti yakatajwa kwa sauti, na kila mwenye nyumba akanyoosha mkono. La kwanza lilikuwa hili: nyumba isiyoleta mtu mzima na jembe siku ya kuzoa tope haipati maji msimu huo. Nilikuwa na miaka kumi, na neno sharti nililisikia pale kwa mara ya kwanza.

Mwaka mmoja baba alikuwa bondeni kwenye mashamba ya mkonge, na siku ya tope ilimkuta mama kitandani, homa imemkamata hata uji haukai tumboni. Nikabeba jembe lake nikaenda mwenyewe. Nilizoa tope tangu asubuhi mpaka mikono ikachubuka. Msimamizi wa ndiva alikuwa Mjomba Mbonea, kaka yake mama wa tumbo moja, na alipoziita nyumba zilizofanya kazi akairuka yetu. Nilipomuuliza alinifuta tope shavuni, akanieleza kwa upole kwamba mtoto hahesabiwi. Upole wake ndio uliniudhi zaidi. Nilimchukia, tena kwa miaka mingi.

Maharage yetu yalikauka yakiwa na maua, huku maji yakipita mferejini kando ya shamba kwenda kwa jirani. Msimu ule makande yetu yalikuwa mahindi matupu. Mama alipopata nguvu nilingoja aende kwa kaka yake akamseme, hakwenda. Nilipomsumbua sana alijibu tu, "Nilinyoosha mkono, mwanangu. Nilikuwepo." Sikumwelewa, nikamwona mwoga. Lakini msimu uliofuata, masharti yalipotajwa, alisimama akaomba liongezwe jingine, kwamba nyumba yenye mgonjwa, majirani wazoe tope kwa niaba yake. Walibishana mpaka jua likawa kali. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mjomba.

Sekondari mwalimu alitufundisha kwamba sharti ni neno la asili ya Kiarabu, lililotufikia milimani pamoja na Kiswahili kutoka pwani, na maana yake ni jambo ambalo lisipotimizwa, lile jingine halipo. Niliandika hivyo daftarini. Hakusema ni nani anayeliweka, wala sikuona haja ya kuuliza, maana mimi nilikuwa nimewaona walioliweka, wamesimama kwenye matope kama mimi.

Sasa nina cherehani mbili kwenye fremu niliyopanga mjini Same, na goti linalotakiwa kufanyiwa upasuaji. Daktari anataka baada ya hapo nipumzike wiki sita. Mwezi uliopita kijana wa wenye jengo aliniletea mkataba mpya, kurasa kumi na moja, akanionyesha pa kutia sahihi. Nikausoma wote, nimechoka hivyohivyo. Unasema kwamba fremu ikifungwa siku kumi na nne mfululizo, kwa sababu yoyote ile, anapewa mtu mwingine. Nikamwomba waongeze neno kuhusu ugonjwa.

"Mama, hayo yanatoka ofisini Dar," alisema. "Mimi naleta karatasi tu."

Nikamuuliza huko Dar nimtafute nani. Hakujua, na nilimwonea huruma, kwa sababu hata yeye hakuwa amewahi kumwona aliyeyaandika. Mjomba alininyima maji, lakini nyumba yake niliijua, na mama aliweza kusimama mbele yake. Nikatia sahihi. Upasuaji nimeuahirisha.