Muhogo wa Jukwaani

Juzi, kituoni Mwandiga, nilimwona mama akimmegea mwanawe muhogo, nikamkumbuka baba mdogo, mwigizaji aliyezunguka na kikundi chake mpaka soli zikaisha. Alishakuwa mfalme, mlevi, hata mama mkwe.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, uwanja wetu wa Ujiji ulijaa wakimbizi, ukinuka moshi na nguo zisizokauka. Baba mdogo aliigiza mtu mwenye njaa. Alijikokota, akaanguka, akalamba kiganja. Sisi wa mjini tukacheka.

Mama mmoja mkimbizi akainuka, mtoto mgongoni. Nilidhani anakwenda kumtunza, kama wanawake wa kwetu wanavyowatunza waimbaji. Akamwekea mkononi muhogo aliokuwa akimlisha mwanawe.

“Akira, pokea, mwanangu. Kula.”

Kuukataa kungekuwa kumwaibisha. Baba mdogo akala, machozi yakimtiririka, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Hakuwahi kuigiza vizuri vile.

Nyumbani mama yangu alimpakulia ugali na mgebuka. Baba mdogo akaisogeza sahani kwangu.

“Nimeshiba, shemeji,” alisema.

Nilimla samaki wake kwa furaha, nikijiuliza kipande kidogo vile cha muhogo kilimshibishaje mtu mzima.