Siku Mngoni Alipokuja Kumchimbia Dada Kaburi

Dada yangu alikuwa na kansa ya damu na mtoto wa miaka miwili, na katika hayo mawili alizungumzia moja tu. Ukimwuliza hali yake, alikujibu kuhusu meno ya mtoto. Baba wa mtoto alikwisha kwenda zake Mlimba kununua mpunga, akanogewa huko, nasi tukaacha kumtaja tusije tukaharibu chakula.

Daktari alimwita baba akamweleza kwamba dawa walizokuwa nazo Ifakara zimefika mwisho. Ila huko Ulaya kulikuwa na hospitali iliyokuwa ikijaribu tiba mpya kwa wagonjwa kama yeye. Kitanda na dawa wangetoa wao. Nauli ya ndege, nguo za baridi na posho ya kuishi ugenini vilikuwa juu yetu. Wala hakuficha: ilikuwa tiba ya majaribio, wengine imewafaa, wengine haikuwafaa.

"Majaribio?" baba alisema tulipofika nyumbani. "Kwani mwanangu ni mbegu ya mpunga, wampande waone kama ataota?"

Mama akamjibu kwamba mbegu isiyopandwa huliwa na panya. Hapo shauri la wazee likaisha.

Aliyekataa ni dada mwenyewe. Alisema hawezi kumwacha mtoto akafuate dawa ambayo hata wenyewe hawaijui vizuri. "Nikifa, nifie anaponiona," alisema, na kila tulipomsihi alichukua ungo akaanza kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Tukaona tuchange kwanza, labda akiziona fedha moyo utalainika.

Tuliwaita watu Jumapili moja baada ya mavuno, nyumbani kwetu Lipangalala. Walikuja wengi, na siwezi kusema walikuwa na mkono wa birika. Ndugu wa Kiberege walileta magunia ya mpunga kwenye baiskeli. Jirani yetu Msukuma, aliyehamia bondeni na mifugo yake, alileta dume zima la ng'ombe akalifunga kwenye mpapai wa mama, nalo likauangusha kabla watu hawajaketi.

Tatizo lilikuwa sura zao. Wanaume walivua kofia mlangoni na kunong'ona. Wanawake waliketi mikekani wamenyoosha miguu, khanga kichwani, wakimshika mama mkono: pole mama, yote ni kazi ya Mungu. Mmoja alianzisha wimbo tunaouimba makaburini, na wenzake, badala ya kumfinya, wakaupokea! Dada alikuwa ndani na mtoto wake, mlango ameurudisha. Nilipompelekea uji aliniambia, "Kawaambie maiti bado anakunywa uji." Hakuwa akitania. Nilitoka machozi yakinilenga, nikiwachukia watu wote wale pamoja na magunia yao.

Ndipo alipoingia mtani wetu. Sisi ni Wapogoro na yeye Mngoni, dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, na utani baina yetu tumeurithi tangu vita vya mababu. Mtani hakasirikiwi. Kwenye msiba anaweza kumwiga marehemu, kumtukana, kuzuia jeneza na kunyakua chochote anachokiona, nanyi mnamlipa ili aache. Lakini hiyo ni kwenye msiba. Siku ile alikuja na jembe begani na sepetu mkononi.

Hakumsalimu mtu. Alikwenda katikati ya uwanja, akalala chali akajinyoosha, akainuka, akachora mstari kichwani na mwingine miguuni.

"Huyu mtumwa wangu ni mfupi," alitangaza, "lakini ana makalio. Tutaongeza upana." Akaanza kuchimba.

Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo likifanywa kwa mtu aliye hai. Mwalimu mmoja, mgeni wa sehemu zetu, aliinuka amkamate, baba akamvuta shati akae. Mama alijifunika uso. Jembe likaendelea.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Dada alitoka, khanga imefungwa kiunoni, mwiko mkononi, mwembamba mpaka inauma kumtazama.

"We Mngoni! Babu yako alikuwa akimwosha babu yangu miguu, leo unachimba uwanja wetu bila hata hodi?"

"Kumbe hujafa?" Mtani alitupa jembe. "Nimeacha trekta, nimekuja kula nyama ya msiba, na wewe unapumua? Nani atanilipa?"

"Watakulipa hao waliokuja na nyuso za makaburini!"

Mtani hakungoja aambiwe mara mbili. Alinyakua kofia ya katekista, viatu vilivyovuliwa kando ya mikeka, baiskeli ya mwalimu, na fimbo ya Msukuma. Kila mtu ikambidi akomboe chake. Dada aliketi kwenye kigoda, beseni miguuni, akipandisha bei mwenyewe. "Mwalimu, utakwenda shule kwa miguu, au tumpe Msukuma afungie ng'ombe?" Msukuma, aliyekwisha kutoa dume zima, alilipia na fimbo yake huku akicheka mpaka akashika mbavu. Khanga ziliteremka kutoka vichwani. Mwalimu alikomboa baiskeli, ikanyakuliwa tena, akaikomboa tena. Beseni lilijaa, na sijapata kumpenda mtu asiye ndugu yangu kama nilivyompenda Mngoni yule.

Jioni, alipokuwa akifukia shimo lake, dada alimwuliza taratibu, "Na nikienda nisirudi?"

"Ukifia kwa Wazungu nani atakutukana? Wale hawana utani. Rudi ufie hapa, tukufanyie kazi vizuri."

Dada alicheka, kisha akalia. Mtani akageuka akawa anapangusa sepetu iliyokwisha kuwa safi. Asubuhi yake dada alisema atakwenda.

Tulimpandisha dada treni mtoto akiwa amelala nyumbani, kwa amri ya dada mwenyewe. Kila mtoto alipomwulizia, mama alimwambia mjukuu wake: mama yako kaenda Ulaya, kesho anarudi. Mvua zikaja, mpunga ukapandwa, ukavunwa, na mama bado alikuwa akisema hivyohivyo.

Dada alirudi uso umevimba kwa dawa, nywele ndiyo kwanza zinachipua. Madaktari walisema ugonjwa umelala. Hawakusema utaamka lini. Tulipofika nyumbani mtoto alikuwa uwanjani. Alimtazama yule mwanamke, akaja akasimama mbele yake kwa adabu zote alizofundishwa na bibi yake.

"Shikamoo, shangazi."

Mama alifungua kinywa amsahihishe. Dada akamzuia kwa mkono, akachuchumaa polepole.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Kaenda Ulaya. Kesho anarudi."

Dada akaweka begi chini, akaketi mchangani ubavuni mwa mtoto.

"Basi sogea kidogo," alisema. "Tumsubiri wote."