Kiyoyozi cha Kuonwa Msamvu

Jumamosi jirani yangu alinipa lifti kutoka Chalinze. Ni mtumishi wa serikali, na tangu magari ya mtumba ya Japani yaanze kumiminika nchini, naye kajipatia lake. Mimi nilikaa nyuma, mkewe mbele. Gari lilikuwa linakimbia na vioo vyote vinne vimeshushwa.

"Baba, fundi alikuambia ukikimbia funga vioo uwashe kiyoyozi," mkewe alisema, ameshikilia kilemba kwa mikono miwili. "Upepo unalizuia gari, linakunywa mafuta zaidi. Vioo ni vya kushusha mjini, tunapokwenda polepole."

"Sasa huku porini nani ataona kwamba tuna kiyoyozi?"

Tulipoukaribia mji wa Morogoro akapunguza mwendo, akafunga vioo, akawasha kiyoyozi mpaka mwisho. Tukaenda kwa mwendo wa baiskeli, yeye akiwapungia watu vidole viwili kama waziri.

Karibu na Msamvu, kwenye stendi kuu ya mabasi, gari likakohoa, likazima. Mafuta yamekwisha. Fundi yule anajua injini, wasomaji wangu, ila hajui Msamvu.

Tukashuka wanaume wawili kusukuma, mama akashika usukani. Jua lilikuwa kali, akashusha kioo apate hewa. Mumewe akaacha kusukuma, akamfuata dirishani na kunong'ona, "Mama, pandisha kioo. Tunaingia stendi."

Mama akamtazama, akazungusha kioo mpaka juu. Kisha, jasho likimtiririka, akawapungia watu wa stendi vidole viwili.