Majivu Juu ya Nyasi Mpya

Wiki hii, hapa Songea, nilimkuta mke wa jirani yangu akisiriba ukuta: udongo mwekundu chini, mweupe juu, mlango kauzungushia njano. Mumewe alikuwa juu ya paa, anamwagia nyasi mpya maji ya majivu ziwe kijivu.

"Shemeji, mnazizeesha ya nini?"

"Askari wa Wadachi wanatazama mapaa," akajibu bila kugeuka kutoka ukutani. "Paa jipya maana yake nyumba ilichomwa wakati wa Majimaji, na mwenyewe alipigana nao."

"Na rangi zote hizi?"

"Wakiushangaa ukuta, hawatalikodolea macho paa."

Nikacheka, nikamsifu kwa ufundi. Nilipofika kwangu nikainua macho. Paa nililoezeka mwezi uliopita lilikuwa linang'aa. Nikaenda moja kwa moja jikoni kuuliza majivu yamemwagwa wapi.