Siku Nne Bila Kuoga

Kazi yangu hapa Columbus ni kuogesha wazee majumbani mwao, na naijua kweli. Sipendi mzee wangu akutwe hata na chembe ya uchafu. Ndiyo maana nilikasirika asubuhi ile nilipomkuta bibi ninayemhudumia katika kitongoji cha Whitehall ana mchanga wa rangi mabegani na kwenye nyayo, naye anasema haogi mpaka keshokutwa.

Bibi ni Mnavajo, kabila la wenyeji wa asili wa nchi hii, anaishi na binti yake. Tangu afiwe na mumewe, miezi minane, alikuwa kama mzigo: nimvue, nimwogeshe, nimvishe, yeye kimya. Binti akampeleka kwao Arizona kwa mganga. Huko, binti alinisimulia, mganga na wasaidizi wake walishinda sakafuni wakidondosha mchanga kwa ncha za vidole, mpaka ikatokea michoro ya watakatifu wao. Bibi akaketishwa katikati, akapakwa ule mchanga, akaimbiwa. Kabla jua halijazama michoro ikafutwa yote, mchanga ukamwagwa nje. Kazi ya siku nzima! Mimi nikipiga deki tu, atakayekanyaga kabla hapajakauka atanitambua.

Alichopakwa kilitakiwa kikae mwilini siku nne. Lakini ratiba yangu ilisema anaoga leo, na fomu ina visanduku viwili tu: ameoga, au amekataa. Akiandikwa amekataa mara mbili, mhudumu anabadilishwa. Nikampigia msimamizi wangu, Mkenya asiye na mchezo. Akaanza kunisomea kanuni, nikamkatiza.

"Dada, mimi nilipojifungua, mama alinifungia ndani siku arobaini, na hakuna aliyenijazia fomu. Huyu bibi anaomba nne tu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, andika ameahirisha. Lakini siku ya nne sitaki stori."

Kwa hiyo nikawa namchana nywele tu, tunakunywa chai. Alinuka? Kidogo. Nilivumilia.

Siku ya nne nilifika mapema. Nikafungua maji, nikayapima kwa kiwiko, nikalowesha kitambaa. Bibi akanyoosha mkono, akaninyang'anya. Akaanza kujisugua mwenyewe, shingo, kwapa, katikati ya vidole, bila haraka, huku akiniambia niketi, naonekana nimechoka. Nikaketi juu ya kifuniko cha choo, nikalia kwa furaha, na yeye akaendelea kuoga.