Mbili Yuko Wapi?

Baba alipotolewa mashine ya kupumulia, daktari alituonya kwamba baadhi ya wagonjwa wa korona huamka wamechanganyikiwa, wasiwajue hata watoto wao. Wodi ya mahututi haikuruhusu wageni. Muuguzi angemwekea simu sikioni kwa dakika chache tu.

Nakiri kwamba niliandika hotuba. Niliiandika mara sita, kwa Kiswahili safi nilichojifunza mwenyewe vitabuni, nikiogopa kwamba neno moja baya lingemrudisha usingizini. Tuliizunguka simu mezani, nyumbani kwetu Nsambya, nikaanza kusoma.

“Weka karatasi chini, mwanangu,” mama akasema. “Huyu si waziri.”

Ndipo kaka yangu mkubwa akasimama wima na kupaza sauti: “Moja!”

Baba ni sajenti mstaafu wa polisi. Utotoni alituhesabu hivyo kila asubuhi kabla ya chai, kwa kufuata tulivyozaliwa. Mimi ni wa pili, lakini bado nilikuwa natafuta mstari nilipoishia. Mdogo wetu hakuningoja.

“Tatu!”

Tukasikia kikohozi, kisha sauti nyembamba, iliyokauka:

“Mbili yuko wapi?”

“Nipo, afande!”

“Umechelewa. Anzeni upya.”

Mama alilia huku akipiga makofi. Muuguzi alicheka hata akasahau kwamba muda wetu umekwisha. Tulianza upya mara tatu, na mara zote tatu nilichelewa makusudi, ili aniulizie tena.