Nilivyompima Lado Mikanda ya Kuzamia

Niliondoka Diani kwenda Juba kwa sababu ya barua ya kurasa saba. Mimi ni mwalimu wa kuzamia, nawafundisha watalii kupumua chini ya maji, na msimu ule mvua ilikuwa imewabakisha watalii makwao. Barua ilitoka kwa shirika moja la maji mjini Juba. Walikuwa na mtungi na mdomo wa kupumulia, wakataka mtu awapelekee vilivyobaki, aviunganishe, avirekebishe, na awepo siku ya makabidhiano. Nilisoma kurasa zote. Mgeni rasmi alitajwa mara nyingi. Hema lilitajwa, viti vilitajwa, hata maji ya chupa. Mtu atakayeingia mtoni hakutajwa popote.

Nikawaandikia kuomba vipimo vyake: urefu, mabega, kiuno. Wakajibu kwamba vipimo vitajadiliwa na wadau nikishafika.

Mzigo wenyewe ulikuwa wa aina ninayoipenda. Si lile koti linaloshonwa tayari kiwandani. Ni bamba la chuma linalokaa mgongoni, na mkanda mmoja mrefu unaopitishwa kwenye matundu ya bamba hadi ukafanya mabega na kiuno. Nyuma yake hukaa mfuko wa hewa wenye umbo la kwato, ambao sisi wazamiaji tunauita bawa. Ukijaza bawa unaelea, ukilitoa hewa unashuka. Uzuri wa chombo hiki ni kwamba kinaweza kumkaa mtu yeyote. Lakini lazima kwanza umjue ni nani.

Saa tano asubuhi nilikuwa nimeshatua uwanja wa ndege wa Juba. Afisa wa ukaguzi, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alifungua begi langu, akalitoa bamba na kuligonga kwa kidole.

"Hii inazuia risasi?"

"Hapana, afande," nikamjibu. "Risasi ziko kwenye mfuko mwingine."

Kwetu wazamiaji, risasi ni yale madini mazito tunayoyafunga kiunoni ili tushuke. Maana ile nyingine niliikumbuka baada ya neno kunitoka. Foleni yote nyuma yangu ilirudi hatua mbili.

Mfuko ulifunguliwa na maafisa watatu. Vipande vilipimwa, vikageuzwa, kimoja kikanuswa.

"Hii ni ya nini?" afisa aliuliza.

"Ya kunizamisha."

"Na hii chuma?"

"Nayo pia."

"Na hii mfuko ya hewa?"

"Ya kunizuia nisizame."

Alinitazama kwa huruma. "Madam, kama unataka kuzama na tena hutaki kuzama, si ukae nyumbani kwanza, ufikirie?"

Hapo ndipo alipoingia mwenyeji wangu wa lile shirika, Bwana Wekesa, Mkenya wa Bungoma mwenye kitambulisho kikubwa kifuani na barua yenye mihuri mitatu. Barua ilisema nimeleta "vifaa vya kinga", jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo. Mwishowe nililivaa bamba palepale, nikalipuliza bawa kwa mdomo mpaka likatuna pande zote mbili za mgongo wangu kama mashavu ya mtu anayekula muhogo. Maafisa wakacheka.

"Kalas, basi, pita," akasema yule wa upole. "Lakini usivae hiyo mjini."

Mtaa wa Munuki, mchana huohuo. Shirika lilinipangishia chumba kwenye kiwanja cha nyumba nne, nyuma ya stendi ya bodaboda. Nilitandaza vitu juu ya kitanda, nikapitisha mkanda kwenye matundu, nikalijaza bawa na kuliacha lisimame kwa saa moja nione kama linavuja. Halikuvuja. Bwana Wekesa alisimama mlangoni akipiga picha.

"Sasa iweke saizi ya kati, kazi iishe," alisema.

"Saizi ya kati ya nani?"

"Ya walengwa."

"Walengwa ni wangapi?"

Alifikiri. "Mmoja."

Asubuhi iliyofuata nilimwambia anipeleke kwa huyo mmoja. Kando ya Nile kuna mahali malori hujaza maji ya kuuza mitaani. Pampu imekaa ukingoni, bomba lake limeingia mtoni, na mdomo wa bomba umefunikwa chujio la chuma. Chujio huziba kwa magugu na mifuko ya plastiki. Likiziba, malori husimama, na Munuki nzima inaanza kuulizana maji yako wapi. Anayelizibua ni Lado, na alikuwa akilizibua kwa kubana pumzi, kamba kiunoni, na dada yake Keji ameishika ncha ya pili nchi kavu.

Lado alikuwa mrefu sana, na mwembamba kiasi kwamba akigeuka upande unamtafuta. Alikulia ukimbizini Arua, Uganda, na alifunzwa kupumua kwa mtungi Entebbe. Cheti chake alikitunza ndani ya karatasi ya nailoni.

"Mimi iko na karatasi, sister," aliniambia, huku akilizunguka bamba. "Lakini ile ya Entebbe ilikuwa koti. Hii iko kama mlango."

Keji hakucheka. Aliniuliza kama kitu hiki kitamrudisha ndugu yake juu.

"Siku moja neti ilimshika mkono chini kule," alisema. "Mimi navuta kamba, yeye hakuji. Mimi nahesabu. Nahesabu mpaka hesabu inanipotea. Akatoka, midomo yake iko kama majivu. Kesho yake tena wakamwita, bomba imeziba."

Nilimpima Lado palepale. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza mabega simu ilipolia. Bwana Wekesa, ambaye alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu, alipokea, akasema ndiyo mara nyingi, kisha akaja. Mgeni rasmi angependa kuvaa chombo siku ya sherehe, kwa ajili ya picha. Apimwe yeye.

Mtaa wa Hai Malakal, alasiri. Mheshimiwa mgeni rasmi alitupokea ofisini mwake kwa soda baridi. Alikuwa mtu mkunjufu, mpana kila upande. Nililegeza mabega, nikalegeza kiuno, nikavuta mkanda wote uliokuwepo mpaka kifungio kikashika ncha ya mwisho kabisa. Ukabaki mkanda mmoja, ule unaotoka chini ya bamba, ukapita katikati ya miguu na kuja kushikana na wa kiuno mbele. Msaidizi wa Mheshimiwa aliutazama kama nyoka.

"Huo hauwezi kuonekana kwenye picha," alisema.

"Huo ndio unaozuia bamba lisipande kichwani."

"Mheshimiwa haendi mahali ambapo bamba linaweza kupanda kichwani."

Nikautoa. Ningeweza kusema mengi hapa kujitetea, lakini ukweli ni kwamba soda ilikuwa baridi, ofisi ilikuwa na kiyoyozi, na mimi niliutoa.

Siku ya makabidhiano, saa nne asubuhi. Hema lilikuwa kubwa kuliko kituo chenyewe cha pampu. Tulisikiliza hotuba juu ya umuhimu wa maji, zikitolewa na watu waliokuwa wamekaa kuupa mgongo mto. Mheshimiwa alivaa bamba juu ya suti, akapigwa picha akitazama mbali. Bawa lilimkaa vizuri, nikiri hivyo. Makofi yalikuwa hayajaisha pampu ikaanza kukohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Chujio lilikuwa limeziba kweli, na madereva wa malori wakaanza kupiga honi.

Bwana Wekesa aling'aa uso. Katika kazi yake alikuwa hajawahi kupata tatizo lililofika kwa wakati.

"Madam Pendo, mvishe Lado. Dakika mbili tu, kamera ziko tayari."

"Nahitaji nusu saa. Hii imepimwa mtu mwingine."

"Dakika tano basi. Mheshimiwa ana kikao."

Niliivuta ile mikanda ya mabega harakaharaka, nikamfunga mtungi, nikamwambia ajaribu kwanza pale maji yanapomfika kifuani. Mkanda wa katikati ulikuwa mfukoni mwangu. Nikajiambia kwa majaribio tu si kitu.

Lado aliingia, akabonyeza kitufe cha kujaza hewa. Bawa likapanda. Bamba likapanda. Lado hakupanda. Chuma kilimgonga kisogoni, mikanda ikamfika masikioni, mdomo wa kupumulia ukamchomoka, na mkondo ukamgeuza kifudifudi. Sikuwahi hata kufungua kinywa. Keji alikuwa ameshavuta kamba kwa uzito wake wote, amelala chali kwenye tope. Lado alitoka akitapika maji.

Wageni walipiga makofi. Walidhani ndivyo inavyokuwa.

Nilipiga magoti mbele yake pale topeni. "Nisamehe, kaka. Kosa ni langu. Nimekuvisha nguo ya mtu mwingine."

Alifuta pua. "Iko sawa, sister. Sasa nivalishe yangu."

Keji alikwenda kusimama mbele ya jenereta ya pampu, akatoa ufunguo na kuutia ndani ya blauzi yake. "Pampu hakuna kuwaka mpaka mimi nasema," alitangaza, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wote chini ya hema walisikia hotuba hadi mwisho.

Nilivua mkanda wote kutoka kwenye bamba nikaanza upya. Nilimsimamisha Lado wima, nikaupandisha ukingo wa juu wa bamba mpaka akaweza kupeleka mkono nyuma na kuigusa valvu ya mtungi mwenyewe. Mabega nikayaacha na nafasi ya kupenya kiganja changu, si zaidi, ili aweze kuvaa na kuvua bila kupigana na mikanda. Nikamwambia akunje mikono kifuani, na pale vidole vilipofika ndipo nikaweka pete za kuning'inizia vifaa, maana kwenye maji yale ya tope macho hayana kazi. Mkono lazima ujue njia. Kiuno nikakikaza chini ya mbavu. Mkanda wa katikati ya miguu nikaurudisha mahali pake, nikamfanya achuchumae mara tatu. Risasi nilizoteseka nazo uwanja wa ndege hazikuhitajika hata moja: kwenye maji ya mto yasiyo na chumvi, chuma cha bamba kilimtosha.

Kikabaki kitu kimoja. Kiuno cha Mheshimiwa kilikuwa kimehitaji mkanda mrefu, na kwa Lado ncha yake ilining'inia mpaka gotini. Kwenye mkondo ule, karibu na bomba lile, ncha kama hiyo inanasa. Nikatoa kisu.

"Usithubutu!" Bwana Wekesa alikimbia kutoka kwenye hema. "Hiyo ni mali ya mfadhili! Ukikata, nani mwingine ataivaa?"

"Na hii ni ndugu yangu," alisema Keji kutoka kwenye jenereta.

Nikakata. Mkanda wa nailoni ukikatwa huchanika nyuzi, lazima uunguze ncha, nami sikuwa na moto. Aliyenyoosha mkono na kiberiti cha gesi alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, ambaye alikuwa ameshuka hadi ukingoni bila msaidizi wake.

"Unguza vizuri," alisema. "Mimi siingii huko hata kwa picha."

Lado alirudi majini. Safari hii bawa lilipojaa, bamba lilibaki limemshika mgongoni kama mkono wa mtu. Alilitoa hewa, akatutazama, akashuka. Tukabaki na mapovu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Keji, na kila kamba ilipotetemeka nilimwona anajibu kwa mvuto mmoja, na kamba inajibu kwa mvuto mmoja. Hakuna aliyehutubia. Madereva waliacha honi. Mheshimiwa alikosa kikao chake.

Alipotoka alikuwa ameburuta kitu kirefu kilichojikunja, kimejaa matope na magugu. Madereva wawili walimsaidia kukikunjua. Lilikuwa bango la kitambaa cha plastiki la siku ya usafi wa mto, lenye nembo ya shirika lenyewe na maneno makubwa: TUNZA MTO WAKO. Bwana Wekesa alilikunja haraka sana, maandishi kwa ndani. Keji akatoa ufunguo, pampu ikawaka, na lori la kwanza likasogea.

Kesho yake niliondoka. Njia nzima ya kwenda uwanja wa ndege Bwana Wekesa hakunisemesha ila kuniomba niandike ripoti, na kwamba sura ya changamoto isizidi mistari minne. Nilimwandikia mitatu: nilipima mtu asiyeingia majini, nikatoa mkanda ambao najua kazi yake, nikafanya haraka kwa ajili ya kamera. Sikuweka jina la mtu mwingine. Mikono iliyofanya hayo yote ni yangu.

Nimerudi kwenye watalii wangu, na kuna jambo moja nimelibadilisha. Siku hizi mwanafunzi akija, chombo hubaki sandukuni. Tunakaa kwanza, namuuliza anakwenda maji gani, kufanya nini, na nani anamngoja juu. Wengine huona napoteza muda.

Wiki chache baadaye Bwana Wekesa alinipigia. Mtunza stoo alikuwa amekataa kulipokea bamba, kwa kuwa fomu inataka vifaa vinavyoweza kutumiwa na yeyote, na hiki hakimwingii mtu mwingine Juba nzima. Hakujua alipeleke wapi. Ikabidi abaki nalo Lado, nyumbani kwake. Bwana Wekesa alilieleza jambo hili kama msiba.

Siku ileile nikampigia Lado. Nilimuuliza kama mikanda bado inamkaa.

"Ile pete ya kulia nimesogeza chini, vidole mbili," alisema. "Ilikuwa inabana hapa."

"Nani alikwambia usogeze?"

"Hakuna mtu." Akaongeza haraka, labda akidhani nimekasirika. "Sister, nilivaa, nikaenda chini, nikasikia haiko sawa. Nikatoka, nikasogeza. Nikarudi tena."

Nimewafundisha watu kwa miaka, na wengi hupiga simu kuniuliza. Huyu nilimpigia mimi kumuuliza, naye akanieleza.